Barua pepe ya bure ilinifungia nje siku kumi na moja. Je, nihame?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 61, na ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba sita hapa Pangani, mkoani Tanga. Tuliifungua na marehemu mume wangu mwaka 2011, na wiki ileile kijana mmoja wa kafe ya intaneti pale Tanga mjini akatufungulia barua pepe katika huduma ya bure ya kampuni moja kubwa ya nje. Anwani hiyo ndiyo tuliyoiandika kwenye kibao cha barabarani, kwenye kadi na kwa mawakala wa safari. Wageni wetu, ambao wengi ni Wajerumani na Waholanzi, huitumia kuweka nafasi, na wapo wanaorudi baada ya miaka mitano au sita wakiandikia anwani ileile.

Julai iliyopita simu yangu ilidumbukia mtoni nilipokuwa navuka kwenda Bweni kwa kivuko. Nilinunua nyingine, nikaandika nywila yangu ambayo naijua kama jina langu, lakini kampuni ikakataa, ikisema haikitambui kifaa kile na kwamba itatuma namba ya uthibitisho. Namba hiyo ilikuwa inatumwa kwenye laini yangu ya zamani, ile iliyozimwa Januari 2020 wakati wa usajili wa alama za vidole, kwa kuwa namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka. Anwani ya pili ya dharura ilikuwa ya yule kijana wa kafe, ambaye sijui yuko wapi. Nilijaza fomu za kuomba kurudishiwa akaunti mara nne, na kila mara mashine ikanijibu kwamba maelezo yangu hayatoshi. Hakuna ofisi ya kwenda wala namba ya kupiga.

Siku ya kumi na moja nilikata shauri, nikaipigia laini yangu ile ya zamani. Akapokea kijana, akasema yuko Kahama na kwamba aliinunua namba hiyo dukani kama laini mpya. Nilimweleza shida yangu, akanionea huruma, akanisomea tarakimu sita, na mlango ukafunguka. Nilikuta makundi mawili ya wageni yamekwisha kwenda kulala kwingine.

Mpwa wangu aliye chuoni Dar es Salaam anasema haya ndiyo malipo ya vitu vya bure, na kwamba nihamie huduma moja ya Uswisi ambayo hata wenyewe hawawezi kusoma barua za mteja. Binti yangu anasema nikihama nitawapoteza wageni wa miaka yote hii. Nihame au nibaki? Na nikihama, nitahamaje?

Mwenye Vyumba Sita, Pangani

Shikamoo mama,

Pole kwa simu na pole zaidi kwa wageni. Kabla ya kuzungumzia kuhama, naomba turudi kwanza kwa yule kijana wa Kahama, kwa sababu sina hakika kama umeipima hatari uliyopita. Kijana huyo alikutendea wema ambao mimi ningemkataza kumtendea mtu yeyote, kwa kuwa matapeli huiba akaunti kwa njia hiyohiyo: hupiga simu, hueleza shida yenye kugusa moyo, kisha huomba wasomewe tarakimu sita. Wewe ulikuwa mkweli, naye akakuamini kwa bahati tu. Sasa igeuze picha hiyo. Kwa muda wote ambao laini ile imekuwa mikononi mwake, kijana huyo angeweza kuiomba kampuni namba ya uthibitisho wakati wowote, akaingia na kusoma barua zako, zikiwemo nakala za pasipoti ambazo wageni hukutumia kabla hawajafika. Ufunguo wa nyumba yako ulikuwa Kahama nawe hukujua.

Kwa hiyo jambo la leo, hata kabla hujaamua lolote kuhusu kuhama, ni kuingia kwenye mipangilio ya akaunti, uifute laini ya zamani, uifute anwani ya kijana wa kafe, uweke namba unayoitumia sasa na, kama anwani ya pili, ile ya binti yako. Kisha badilisha nywila. Kampuni nyingi pia hutoa namba za akiba za kuingilia pale simu inapopotea, na kila namba hutumika mara moja tu. Ziandike au zichapishwe steshenari, uzitie kwenye bahasha, na bahasha uiweke pale unapoweka hati ya kiwanja. Ukiishia hapo tu, usifanye kingine chochote nitakachosema, utakuwa tayari umetibu sehemu kubwa ya yaliyokupata Julai.

Sasa kuhusu hoja ya mpwa wako. Yuko sawa kwa nusu. Huduma ya bure hulipiwa na kitu kingine, na kwa kawaida kitu hicho ni matangazo. Google yenyewe ilitangaza mwaka 2017 kwamba inaacha kuchambua yaliyomo kwenye barua za Gmail kwa ajili ya kuchagua matangazo, maana yake ni kwamba hadi hapo ilikuwa inafanya hivyo. Lakini kilichokuumiza wewe hakikuwa matangazo. Uliumizwa na ukweli kwamba mteja asiyelipa hana wa kumlalamikia: kampuni yenye watumiaji mamilioni kwa mamilioni wasiotoa senti haiwezi kuweka mtu wa kupokea simu ya kila aliyedondosha simu mtoni. Na masharti ya bure hubadilika bila wewe kuulizwa. Januari 2021 Yahoo iliwaondolea watumiaji wake wa bure uwezo wa kupeleka barua moja kwa moja kwenye anwani nyingine, jambo ambalo mtu anayetaka kuhama hulihitaji kuliko lingine lolote. Google nayo, tangu Desemba 2023, inaweza kufuta akaunti ambayo haikutumika kwa miaka miwili.

Hata hivyo, kuhama kutoka kampuni moja ya bure kwenda nyingine ya bure ni kuhama chumba katika nyumba ya kupanga ileile. Nadhani mpwa wako anazungumzia Proton Mail, iliyoanzishwa mwaka 2014 na watu waliofahamiana katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. Ni huduma ninayoiheshimu, kama ninavyoiheshimu Tuta ya Hannover, Ujerumani. Lakini elewa kinachofungwa na kisichofungwa. Mgeni wako wa Hamburg akikuandikia kutoka huduma ya kawaida, barua yake hupita kwa kampuni yake na nakala hubaki huko. Kinachofungwa ni nakala iliyofika kwako. Kwa mwandishi wa habari au wakili, hilo ni jambo kubwa. Kwa mtu anayeulizwa kama kuna neti na kama kifungua kinywa kimo ndani ya bei, faida yake ni ndogo.

Tena kuna upande mwingine ambao vijana hawapendi kuutaja. Huduma ambayo mwenyewe hawezi kusoma barua zako haiwezi pia kukufungulia ukisahau nywila. Kwa Proton, ukiweka nywila mpya bila kuwa na maneno ya urejeshaji uliyoyahifadhi, utaingia, lakini barua za zamani zitabaki zimefungwa hata kwako. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kufungiwa nje siku kumi na moja, hilo ni la kufikiriwa mara mbili. Isitoshe, hifadhi yao ya bure haizidi gigabaiti 1, na Tuta hufuta akaunti ya bure isiyoingiwa kwa miezi sita.

Tatizo lako hasa, kwa maoni yangu, liko upande wa kulia wa alama ya @. Jina lililo upande wa kushoto ulilichagua wewe na marehemu mzee. Jina la upande wa kulia ni la kampuni. Umeliandika kwenye kibao chako, umelitangaza kwa miaka yote hii kwa gharama yako, lakini si lako, na siku kampuni ikifunga mlango, kibao na kadi na kumbukumbu za wageni vyote vinaelekeza mahali ambapo hupo. Dawa yake ni kusajili kikoa, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni, mathalani jina la nyumba yako ya wageni likifuatwa na .co.tz. Ukishakuwa nalo, anwani inakuwa ya nyumba: wageni@ na jina la nyumba, hata siku utakapomwachia binti yako kazi.

Nieleze namna inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hofu ya binti yako itapungua. Kila kikoa kina daftari la mtandaoni lenye rekodi fupi fupi, na mojawapo, inayoitwa rekodi ya MX, huiambia dunia kwamba barua za jina hili zipelekwe kwenye seva, yaani kompyuta ya kupokelea barua, ya kampuni fulani. Leo unaweza kuielekeza kwa kampuni ya Uswisi, mwakani ukaielekeza kwa kampuni ya India au ya hapa nchini, na mgeni wa Utrecht ataendelea kuandika anwani ileile bila kujua kwamba umehama. Kwa hiyo utahama mara moja tu kwa uchungu, kutoka anwani ya kampuni kwenda anwani yako. Baada ya hapo, kubadilisha mtoa huduma ni kazi ya fundi ya muda mfupi.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana mwaka 2024. Kulikuwa na huduma iliyoitwa Skiff, ya usimbaji fiche, yaani inayofunga barua hata mwenye huduma asizisome, kama ile anayoipenda mpwa wako, iliyosifiwa sana na watu waliochoka na kampuni kubwa. Februari mwaka huo ilinunuliwa na kampuni ya Notion, na Agosti ikafungwa. Waliokuwa na anwani zenye jina la Skiff walilazimika kuanza upya kumtangazia kila mtu; waliokuwa na vikoa vyao walibadilisha rekodi, wakaendelea. Kwa hiyo, njia mbadala nayo hufa, wakati mwingine mapema kuliko ile uliyoikimbia.

Gharama isikutishe. Kwa wasajili wengi, kikoa cha .co.tz kwa mwaka mzima hakizidi bei ya usiku mmoja katika chumba cha kawaida cha wageni pwani. Juu yake utalipia huduma ya barua yenyewe. Nimeona nyumba za wageni zikienda kwa Zoho ya India, Fastmail ya Australia iliyoanza mwaka 1999, au Proton yenyewe kwa kifurushi cha kulipia, kwa kuwa kile cha bure hakikubali kikoa chako. Google na Microsoft nao wana huduma ya kulipia ya namna hiyo, na si aibu kuichukua kama umeshazoea sura yake. Kuwa mwangalifu na ofa ya barua pepe inayotolewa kama nyongeza ya tovuti ya bei nafuu: mara nyingi mnawekwa wateja wengi kwenye seva moja, na jirani mmoja akituma barua taka, seva nzima huingia kwenye orodha ya wasioaminika, na majibu yako kwa wageni yakaishia kwenye takataka bila wewe kujua. Muulize fundi kama ataweka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, ambazo huthibitisha kwamba barua yenye jina lako imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti kuhusu rekodi hizo kwa wanaotuma barua kwenye visanduku vyao. Akikuuliza hizo ni nini, tafuta fundi mwingine.

Mambo mawili kuhusu kikoa nimeyaona yakiwaliza watu wazima. La kwanza ni kikoa kusajiliwa kwa jina la fundi, ambaye baadaye hugombana na mteja au huhamia kwingine. Hakikisha usajili una jina lako au la biashara, na risiti iwe yako. Hilo ni sawasawa na kosa la kijana wa kafe, na usilirudie. La pili ni kumpa msajili anwani iliyo kwenye kikoa hichohicho kama mawasiliano yako. Siku malipo ya mwaka yakipitiliza, barua za kukukumbusha zitatumwa kwenye kisanduku kilichozimika. Msajili mpe anwani ya binti yako pamoja na simu yako, na ulipie miaka miwili au mitatu kwa mpigo msimu ukiwa mzuri.

Kuhusu kuhama kwenyewe, kanuni yangu ni kwamba anwani ya zamani haifungwi. Iache hai, na uingie humo angalau mara moja kwa mwezi. Iwekee mpango wa kupeleka kila barua kwenye anwani mpya, kisha wewe ujibu kutoka anwani mpya. Mgeni akibonyeza kujibu, tayari amehamia bila kuambiwa. Mgeni anayerudi baada ya miaka sita ataandika anwani ya zamani na barua yake itakufikia, ndiyo maana sikubaliani na hofu ya binti yako. Barua za nyuma zinakiliwe kwenye kompyuta kwa programu ya Thunderbird, ambayo ni ya bure, ukitumia njia ya IMAP, ambayo hunakili barua na kuziacha kule zilikotoka. Usimruhusu mtu atumie njia ya POP bila kuangalia mipangilio yake, kwa sababu inaweza kushusha barua na kuzifuta kule zilikotoka. Barua za miaka mingi zenye picha ni gigabaiti nyingi, hivyo nunua kifurushi cha usiku na umwache mpwa akeshe nayo. Ni adhabu inayomfaa kwa ushauri wake wa haraka.

Halafu tafuta ni wapi kwingine anwani ya zamani imejificha. Benki, TRA, leseni ya biashara, tovuti za kuweka nafasi za malazi, hata akaunti ya umeme au ya dishi, yote hayo huenda yalifunguliwa kwa anwani hiyo. Njia rahisi ni kuandika kwenye sehemu ya kutafutia barua neno "welcome", halafu "verify", halafu "password", na kupitia yanayotokea ukiwa na daftari mkononi. Anza na vile vyenye fedha. Ukikutana na nakala za pasipoti za wageni walioondoka zamani, zifute katika barua za zamani na katika nakala mpya, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, na nyumba ya vyumba sita haimo nje yake.

Nimelibakiza hili la tangazo la kuwajulisha wageni anwani mpya kwa sababu ndilo linaloweza kukugharimu zaidi. Utapeli uliozoeleka katika biashara kama yako huanza na barua inayosema "tumebadilisha anwani", na barua ya pili husema "tumebadilisha pia akaunti ya benki". Wageni wako, hasa waliokwisha tuma amana, wana haki ya kushtuka wakiona anwani mpya. Tangazo litumwe kutoka anwani ya zamani wanayoifahamu, litaje anwani mpya, na liseme waziwazi kwamba namba ya akaunti ya benki haijabadilika na kwamba nyumba haitatangaza kamwe badiliko la akaunti kwa barua pepe. Weka humo na namba yako ya simu ili mwenye wasiwasi akupigie. Kama ulikuwa unafikiria kubadilisha benki mwaka huu, basi subiri mwaka mwingine. Usifanye mambo hayo mawili katika msimu mmoja.

Na msimu wenyewe uuchague. Usianze kazi hii Juni wala Desemba. Masika, mvua zikiwa zimejaa na vyumba vikiwa vitupu, ndiyo wakati wake, kwa kuwa hata fundi akikosea na barua zikapotea siku mbili, hakuna mgeni atakayesimama kivukoni usiku bila mwenyeji. Anwani mpya ikishafunguliwa, mwombe mgeni mmoja wa zamani aliye Ujerumani akuandikie, umjibu, na umuulize kama jibu limeingia kwenye kisanduku au kwenye takataka. Jaribu vilevile na mtu mwenye Gmail na mwenye Yahoo. Kadi mpya zichapwe baada ya hapo. Kibao cha barabarani kiwe cha mwisho, na fundi wa rangi asikiguse mpaka umeona kwa macho yako barua tatu za watu watatu tofauti zimeingia.